Bingwa Aliyeshika Nafasi ya 26



Lugha yetu ya Kiswahili ina majina mawili kwa vyombo viwili ambavyo watu wa bara mara nyingi huvidhani ni kimoja. Kafi ni ubao mfupi wenye mpini, ambao mwenye mtumbwi huushika mikononi bila kuutegemeza popote. Naye hukaa au husimama akitazama mbele, apate kuona mawe, magogo na viboko. Kasia ni refu zaidi, nalo hutegemezwa ukingoni mwa mashua. Mwenye kulivuta huketi akielekeza mgongo kule anakokwenda. Hapa kwetu Kiambi, katika mto Luvua, twatumia kafi na upondo. Makasia hatunayo. Hata hivyo habari ninayotaka kuwaeleza leo inavihusu vyombo vyote viwili, na zaidi ya vyombo inawahusu watu wanaovishika.

Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa mwaka wa sita habari za michezo ya Olimpiki. Baada ya kuwatajia wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia, ambao karibu kila mtoto amesikia sifa zao, niliwasimulia pia habari za mwanamke mmoja wa Uganda ambaye mchezo wake ni kuvuta makasia. Nikawaambia kwamba katika Tokyo alishika nafasi ya 26. Mtoto mmoja wa mvuvi akainua mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, mtu aliyetanguliwa na watu ishirini na watano ni bingwa wa nini?" Darasa zima likacheka. Swali lile halikuwa la kipumbavu, nalo lilistahili jibu refu kuliko lile nililoweza kulitoa kabla ya kengele kulia. Basi nalijibu hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wazazi wake.

Mwanamke huyo ni Kathleen Noble. Alizaliwa mwaka wa 1994 nchini Uganda, na wazazi wake ni watu wa Ireland waliofika huko kwa kazi ya umisionari. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kuogelea. Mwaka wa 2012, akiwa bado msichana, aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya kuogelea yaliyofanyika Istanbul, nchini Uturuki. Baadaye alikwenda kusoma katika chuo kikuu cha Princeton, Marekani, na huko ndiko alikoanza kujifunza kasia. Angalieni jambo hilo: alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na wengi wa wale ambao angeshindana nao walikuwa wameshika makasia tangu utoto wao.

Mwezi wa Oktoba 1919 ungekuwa zamani sana kwa mchezo huu katika Afrika Mashariki. Hata Oktoba 2019 mchezo wenyewe ulikuwa bado mgeni kwetu. Mwezi huo nchi za Afrika zilikutana Tunis, mji mkuu wa Tunisia, kushindania nafasi chache za kwenda Tokyo. Kathleen Noble alipata nafasi. Kisha ukaja ugonjwa wa Covid, na michezo iliyokuwa ifanyike mwaka wa 2020 ikaahirishwa mwaka mzima. Mpiga makasia hawezi kuuweka mwili wake sandukuni kama nguo ya sikukuu, autoe siku inapofika; alipaswa kuendelea na mazoezi yale yale mwaka mmoja zaidi. Mwezi wa Julai 2021 aliingia majini Tokyo, akawa mpiga makasia wa kwanza kuiwakilisha Uganda katika michezo ya Olimpiki. Mwaka wa 2024 alirudi tena, safari hii Paris. Mara zote mbili hakupata medali.

Sasa yafaa niwaeleze chombo chenyewe, maana asiyekijua atadhani ni mtumbwi kama wetu. Mashua ya mtu mmoja ina urefu wa mita nane hivi, lakini ni nyembamba mno hata mtu mwenye nyonga pana huketi kwa shida. Uzito wake hauruhusiwi kupungua kilo 14. Maana yake mama mmoja wa Kiambi anayebeba gunia dogo la muhogo kichwani amebeba mzigo mzito kuliko mashua hiyo. Yule anayeketi ndani yake hushika makasia mawili, moja kila mkono. Akiyaachilia, mashua huweza kupinduka. Kiti chake kina magurudumu madogo, nacho huenda mbele na nyuma juu ya reli. Ndiyo sababu nguvu kubwa haitoki mikononi kama wengi wanavyodhani, bali hutoka miguuni: mvutaji hukunja magoti, huzamisha makasia majini, kisha husukuma kwa miguu yote miwili, na mgongo na mikono hufuata. Hurudia hayo kiasi cha mara thelathini au zaidi kwa dakika.

Safari ni ya mita 2,000, katika maji yaliyotulia. Emma Twigg wa New Zealand, aliyepata dhahabu Tokyo, aliimaliza kwa dakika saba na sekunde chache zisizofika kumi na tano. Katika muda huo mwili hudai hewa kuliko mapafu yanavyoweza kuleta, miguu huwaka moto, na mvutaji haoni mwisho uko wapi, kwa kuwa umo nyuma ya mgongo wake. Aonacho ni njia aliyokwisha kuipita, pamoja na wale aliowaacha, kama wapo. Waliomtangulia hawaoni, ila akigeuza kichwa. Na kila anapokigeuza hupoteza mwendo.

Turudi kwenye swali la yule mtoto. Katika Tokyo wanawake 32 walishindana katika mashua ya mtu mmoja, kila mmoja wa nchi yake. Huko ilifuatwa desturi ambayo mimi naiona kuwa ya haki. Aliyeshindwa siku ya kwanza hakurudishwa nyumbani papo hapo. Alipewa nafasi ya pili. Aliposhindwa tena, alipangwa na wenzake waliolingana naye, na mwisho zilifanyika fainali nyingi: ya kwanza iliwagawia sita wa mbele nafasi zao, ya pili iliwagawia sita waliofuata, na hivyo hivyo hata wa mwisho. Mtu wa 26 hakupewa namba hiyo na karani aliyeketi mezani. Aliipata majini kwa kushindana na wenziwe katika fainali ya tano, huku magazeti yakiwaangalia wale sita wa kwanza. Hakuna medali katika fainali ya tano. Maumivu ya miguu ni yale yale.

Tena fikirini wale 25 waliomtangulia walitoka wapi. Wengi wao walitoka katika nchi ambazo mchezo huu una vyama vyenye umri wa miaka mia na zaidi, maghala ya mashua, walimu, na mito iliyotengwa kwa mazoezi. Wanapofika mashindanoni huwa wamesimama juu ya mabega ya vizazi vitatu au vinne. Kathleen Noble alitoka katika nchi ambayo kabla yake haikuwa imempeleka hata mmoja. Mwenye kupita porini mara ya kwanza hawezi kwenda mbio kama mwenye kupita barabarani. Lakini barabara nyingi zilianza kwa nyayo za mtu wa namna hiyo. Kwa maana hii namwita bingwa, wala sioni haya.

Najua mtu mwingine atasema: "Mwalimu, wazazi wake ni Wazungu, amesoma Marekani, na mashua ya namna hiyo hununuliwa kwa maelfu ya dola. Mtoto wa Kiambi atafananaje naye?" Maneno hayo yana ukweli, wala sitaki kuuficha. Bila chuo kile pengine asingegusa kasia maishani mwake. Lakini bendera aliyoivaa ni ya nchi aliyozaliwa na kulelewa; na Marekani alikopata mafunzo ina wavuta makasia tele wasiomhitaji yeye, ilhali Uganda haikuwa na mtu. Ama kuhusu kufanana, wacha nitaje mtu mwingine. Mwaka wa 2012, katika michezo ya London, vijana wanne wa Afrika Kusini walishinda dhahabu katika mashua ya watu wanne wenye uzito mwepesi. Mmoja wao aliitwa Sizwe Ndlovu, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu katika mchezo huu. Yeye alijifunza kasia alipokuwa mwanafunzi wa sekondari Johannesburg, kwa sababu palikuwa na mtu aliyewapa watoto wa shule nafasi ya kujaribu. Penye nafasi, mtoto huonekana alivyo. Pasipo nafasi, hakuna ajuaye.

Lakini ugumu ninaoukuta hapa kwetu hautokani na dola peke yake. Unatoka mioyoni. Nilipowaeleza wazazi katika mkutano wa shule kwamba nataka kufanya mashindano ya mitumbwi ya watoto wakati wa kiangazi, baba mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, mimi nimepiga kafi tangu nilipokuwa mtoto. Namlipia mwanangu karo ili aliache kafi, nawe wataka kumrudisha." Wengi walitikisa vichwa kumkubalia. Nimeyafikiri maneno yale siku nyingi, maana yamesemwa na mtu mpenda mwanawe.

Kafi kwetu ni alama ya kazi ngumu na mapato haba. Luvua hutoka katika ziwa Mweru pale Pweto, hushuka kwa kishindo katika maporomoko, pamoja na yale ya Piana Mwanga yaliyofungwa mitambo ya umeme kwa ajili ya machimbo ya bati ya Manono, kisha hutulia hapa Kiambi. Kuanzia kwetu hata Ankoro, mahali unapokutana na Lualaba, kiasi cha kilometa 160, vyombo huweza kusafiri. Kwa hiyo mto huu ndio barabara yetu, na wapiga kafi ndio madereva wake. Wao huleta samaki, huchukua muhogo na mahindi sokoni, huwavusha wagonjwa usiku. Lakini mtoto akitaka kumtukana mwenzake shuleni, humwambia, "Utakufa na kafi mkononi." Kazi inayotulisha imekuwa tusi.

Wala si sisi tu. Katika Uingereza yako mashindano mashuhuri ya Henley, yaliyoanza mwaka wa 1839. Kwa miaka mingi kanuni zake zilimkataza mtu yeyote aliyepata riziki yake kwa kazi ya mikono asishindane humo. Mabwana walisema kwamba fundi au kibarua amejipatia nguvu kazini, na hivyo atawapunja waungwana. Mwaka wa 1920 alikataliwa hivyo John Kelly wa Philadelphia, Marekani, mwana wa wahamiaji kutoka Ireland, ambaye alikuwa mwashi wa matofali. Palikuwa na sababu nyingine pia, ugomvi wa zamani kati ya Henley na chama chake cha makasia; lakini kanuni ile juu ya wafanya kazi ilikuwa imeandikwa wazi, na watu wote waliijua. Mwaka huo huo, katika michezo ya Olimpiki ya Antwerp, Kelly alikutana katika fainali na Mwingereza Jack Beresford, aliyeshinda Henley mwaka ule. Mwashi akamshinda kwa sekunde moja. Muda mfupi baadaye, siku ile ile, akaingia tena majini pamoja na binamu yake Paul Costello, wakashinda dhahabu ya mashua ya watu wawili. Mwaka wa 1924 wakaishinda tena pale Paris. Kanuni ya Henley ilifutwa kabla ya vita vya pili vya dunia, na mwaka wa 1947 mwana wa Kelly, aliyebeba jina la baba yake, alikwenda huko akashinda katika shindano lile lile ambalo baba yake alizuiliwa.

Mabwana wale waliidharau mikono ya mwashi. Ni vibaya, lakini walikuwa wageni kwake. Sisi twaidharau mikono ya baba zetu wenyewe.

Mimi ni mwana wa mpiga kafi. Marehemu baba yangu alivusha watu hapa hapa Kiambi, na daftari zangu, viatu vyangu vya kwanza na karo yangu vilitoka katika mtumbwi wake. Wakati wa vita, nilipokuwa mtoto, alivusha watu usiku bila taa, akipiga kafi polepole ili maji yasitoe sauti. Sijui aliwavusha wangapi. Yeye mwenyewe hakuhesabu, na hakuna aliyempa nishani. Sikumrithi kazi hiyo, naye hakutaka nimrithi. Alitaka nisome. Lakini hakuniambia kamwe kwamba kazi yake ni ya aibu. Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Basi kwa yule baba aliyesimama mkutanoni nasema hivi, kwa heshima: mlipie mwanao karo, na asome hata chuo kikuu akiweza. Mashindano ya siku moja hayatamrudisha kwenye kafi. Yatamwonyesha tu kwamba jambo analolijua baba yake ni elimu, kwamba kusoma mkondo, kuupima upepo na kuyagawa maji kwa kafi bila kuchoka upesi ni maarifa ambayo watu wa mbali hulipa fedha nyingi wafundishwe.

Iko hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi. Mama mmoja hakusema neno katika mkutano. Alinifuata nje, akaniambia: "Mwalimu, mto huu ulinichukulia kijana wangu. Sasa wamtaka na binti." Mbele ya maneno hayo mtu hanyanyui sauti. Twajua sote habari za mitumbwi na mashua zinazopinduka katika mito na maziwa ya nchi yetu, kwa kupakiwa kupita kiasi, kwa kusafiri usiku, kwa kukosa makoti ya kuelea. Na jambo la kushangaza ni kwamba wengi wa wanaoishi kando ya maji, hasa wasichana, hawajui kuogelea.

Hapo ndipo nilipoikumbuka tena safari ya Kathleen Noble, na mpango wake. Alijua kuogelea kwanza, kasia likaja baadaye. Sisi twampakia mtoto mtumbwini kabla hajaweza kujiokoa umbali wa mita kumi. Nilimjibu mama yule kwamba hakuna mtoto atakayeshika kafi katika mashindano yetu kabla hajaonyesha kwamba aweza kuogelea. Kwamba kila mmoja atavaa koti la kuelea, na kama makoti hayatoshi, watashindana kwa zamu. Kwamba mahali petu patakuwa karibu na ukingo, penye maji yaliyotulia, mbali na viboko, na watu wazima wawili watakaa katika mtumbwi wa pembeni. Nikamwambia pia kwamba mto hautamwuliza binti yake kama yeye ni mvulana au msichana. Atauvuka kila juma kwenda sokoni, mashindano yawepo au yasiwepo. Afadhali auvuke akiwa na ujuzi.

Wazazi wenzangu, sisemi kwamba Luvua itamtoa bingwa wa Olimpiki. Reli, viti vyenye magurudumu na mashua za kilo 14 ziko mbali nasi. Ninalolitaka ni dogo zaidi, nalo lawezekana mwaka huu: watoto wetu wajue kuogelea, waheshimu mkono uliowalea, na wajifunze kuimaliza safari hata pale wanapojua kwamba wa kwanza amekwisha kufika. Kwa hiyo katika mashindano yetu tutafuata desturi ile ya makasia. Kila mtumbwi utapewa nafasi ya pili, na hakuna utakaoondoka bila kujua namba yake, hata ule wa mwisho.

Yule mtoto aliyeuliza swali amekubali kuandika majina ya washindani wote, kuanzia wa kwanza hata wa mwisho. Mama yule hajatoa ruhusa ya mashindano. Lakini siku ya Jumamosi alimleta binti yake ukingoni pamoja na wenzake wanaojifunza kuogelea, akaketi juu ya jiwe na mtoto mchanga mgongoni, akaangalia mpaka mwisho. Juma lililofuata alimleta tena.